Gitaa la Bei Kubwa kwa Metali: Lipime Kwanza Ulilonalo

Mara nyingi hamu huanzia kwenye rekodi. Mtu amejirekodi akipiga rifu ya metali, yaani kipande cha gitaa kinachorudiwarudiwa katika muziki mzito wa heavy metal, aliyoihangaikia wiki tatu, akaisikiliza sambamba na wimbo wenyewe, akasikia matope. Uzi mzito unavuma bila umbo, mapigo ya kuziba kwa kiganja hayakatiki, na chodi iliyokuwa tamu chumbani inapinda kadiri inavyodumu. Macho yanahamia kwenye gitaa. Ni la bei ndogo, limechubuka pembeni, na mpigaji anayemhusudu ana jingine kabisa. Kuanzia hapo hesabu zinafanywa usiku, na hesabu za usiku hazijawahi kumkatalia mtu.

Tatizo ni kwamba matope yale yana vyanzo vitatu au vinne, na gitaa lenyewe mara nyingi ni la mwisho kwenye foleni. Anayenunua kabla ya kujua chanzo hulihamisha tope lake kwenye gitaa ghali, kisha hujilazimisha kusikia tofauti kwa sababu pesa imeshatoka. Huo mwezi wa kujilazimisha ni mchungu kuliko kukosa gitaa.

Anza na nyuzi. Magitaa mengi hutoka kiwandani yakiwa na seti ya 9 hadi 42 au 10 hadi 46, namba hizo zikiwa ni unene wa nyuzi kwa elfu za inchi, na zimechaguliwa kwa ajili ya tyuningi (sauti ambazo nyuzi hukazwa kutoa) ya kawaida ambapo E ya chini, uzi mzito kabisa, hutetema mara 82.4 kwa sekunde. Metali nyingi hupigwa chini ya hapo. Ukishusha uzi huo hadi C, mitetemo ni 65.4, na kwa kuwa mkazo hufuata mraba wa mitetemo, uzi unabaki na takriban asilimia 63 tu ya mkazo wake wa awali. Uzi uliolegea hivyo, ukipigwa kwa nguvu, hupanda sauti kwanza kisha hushuka kutafuta mahali pake. Hilo ndilo tope. Ili kurudisha mkazo uleule, uzi wa 46 lazima uwe kama 58, na wa juu kabisa, ambao katika dropu-C (nyuzi zote hushuka toni moja, ule mzito peke yake mbili) unashuka toni moja, uwe 11 badala ya 10. Kwa hiyo seti ya 11 hadi 56 au 12 hadi 60 ndiyo jaribio la kwanza, na ni jaribio la bei ya seti moja.

Atakayesema nyuzi legevu hazifai kwa metali amkumbuke Tony Iommi, mpigaji gitaa wa Black Sabbath. Mwaka 1965, kiwandani Birmingham, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, nao ndio mkono anaobonyezea nyuzi kwa kuwa hupiga kwa kushoto. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki, akatumia nyuzi nyembamba, na kufikia 1971 alikuwa akishusha gitaa toni moja na nusu ili vidole visiumie. Muziki mzito wote uliofuata unadaiwa kitu na nyuzi zile laini. Lakini Iommi alipiga polepole, na mkono wake ulijua kupiga kwa kiasi. Rifu za kasi zenye mapigo mengi kwa sekunde hazikuachii nafasi hiyo.

Kubadilisha nyuzi si kuzivisha tu. Kile kipande chembamba chenye mifereji kichwani mwa shingo, mafundi hukiita nati, kilichongwa kwa uzi wa 46. Uzi wa 58 ukiingizwa humo hukaa juu ya mfereji au hubanwa. Dalili yake ni mlio mdogo wa kukatika unapokaza, “tik”, na sauti inaruka badala ya kupanda taratibu. Watu hulaumu vikazio, wananunua vikazio vipya, tik inabaki. Unga wa risasi ya penseli ndani ya mfereji husaidia kwa muda. Dawa ya kweli ni kupanua mfereji kwa tupa ya upana unaofaa, na ukizidisha kina hakuna kurudi nyuma, nati inabadilishwa. Kazi hii mwachie fundi kama hujawahi kuishika.

Baada ya nyuzi, gitaa lipangwe upya lote, na mpangilio una utaratibu ambao ukiuvuruga unarudia kazi. Tyuni kwanza kwenye tyuningi utakayotumia kweli. Kisha shingo: bonyeza uzi mzito kwenye freti (vile vyuma vinavyokatiza ubao wa shingo) ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, uangalie mwanya kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Milimita 0.2 hadi 0.3 inatosha, na fila geji ya fundi magari inapima vizuri tu. Mwanya ukizidi, chuma cha ndani ya shingo kinakazwa kwa kukizungusha kuelekea kulia, robo mzunguko kwa wakati mmoja, unatyuni tena, unapima tena. Kikigoma, acha. Chuma kilichokatika ndani ya gitaa la bei ndogo kwa kawaida ni mwisho wa gitaa hilo.

Halafu kimo cha nyuzi kwenye freti ya kumi na mbili: karibu milimita 1.8 hadi 2 kwa uzi mzito na 1.5 kwa mwembamba. Wapo wanaoshuka chini ya hapo wakitaka mkono uteleze, kisha wanashangaa uzi wa chini unagonga freti kila wanapoziba kwa kiganja. Mkono mzito unahitaji nafasi. Baada ya kimo, linganisha sauti ya uzi ulioguswa tu juu ya freti ya kumi na mbili na sauti ya uzi uliobonyezwa hapohapo. Ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, kiti cha uzi huo kwenye daraja, pale nyuzi zinapoishia mwilini mwa gitaa, kirudishwe nyuma, ikiwa chini kisogezwe mbele. Piga kwa nguvu unayotumia kwenye rifu, maana ukipima kwa ncha ya kidole utapata gitaa lililo sawa kwa mtu mwingine. Na usifanye kipimo hiki kwa nyuzi chakavu, hazikubali.

Gharama ya haya yote kwa fundi ni sehemu ndogo sana ya bei ya gitaa la ndoto. Na ndipo watu wengi wanapogundua, kwa aibu kidogo, kwamba gitaa walilolitukana miezi sita lilikuwa halijapangwa tangu litoke kwenye boksi.

Tope likibaki, twende kwenye amplifaya. Sauti ya metali hutengenezwa huko zaidi kuliko kwenye mti, na spika ina mkono mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Spika ndogo ya inchi nane au chini yake, ya kufanyia mazoezi chumbani, haiwezi kubeba C ya chini kwa umbo, hata ukiiletea gitaa la aina gani. Jambo la pili ni geini, kitufe kinachoongeza mkwaruzo wa sauti. Mpigaji wa peke yake huipandisha kwa sababu inaficha makosa na kumfanya ajisikie mkubwa. Kwenye rekodi, geini nyingi hubana kila pigo likawa sawa na jingine, na ule mpasuko wa plekta, kibao cha kupigia nyuzi, ukafa. Ipunguze theluthi, rekodi rifu ileile mara mbili, moja uiweke kushoto na nyingine kulia. Uzito unaousikia kwenye rekodi za bendi mara nyingi ni magitaa mawili au manne yenye geini ya wastani yaliyopigwa kwa nidhamu. Nidhamu hiyo haiuzwi.

Kuna hila ya zamani ambayo bado inafanya kazi: pedali ya ovadraivu (kisanduku cha mguuni cha kukwaruza sauti) kama Ibanez Tube Screamer mbele ya amplifaya yenye geini kubwa, draivu (mkwaruzo) ikiwa sifuri na leveli (ukubwa wa sauti) ikiwa juu. Pedali hiyo hupunguza besi kabla haijafika kwenye distoshani, yaani mkwaruzo wa amplifaya, na besi ndiyo inayogeuka uji. Usizifute sauti za kati pia. Ule mpangilio wa besi juu, kati sifuri, na wembamba juu unavutia chumbani, lakini ngoma na gitaa la besi vikiingia gitaa lako halisikiki tena, na unarudi kule kule, “nahitaji gitaa jipya”.

Kipimo chenye uamuzi ni kubadilishana. Omba gitaa ghali la mtu, lichomeke kwenye amplifaya yako bila kugusa kitufe chochote. Kisha peleka gitaa lako kwenye amplifaya nzuri. Rekodi vyote viwili, mtu mwingine ayape mafaili majina ya namba, usikilize kesho yake. Ikiwa gitaa lako kwenye amplifaya nzuri linakuridhisha kuliko gitaa ghali kwenye amplifaya yako, umeshajibiwa, japo si jibu ulilolitaka.

Bado kuna pikapu, na hapa hatusemi gari la mizigo. Zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi zinaweza kubadilishwa kwa lehemu na saa mbili za utulivu. Kwa metali wengi hukimbilia EMG 81, yenye sumaku ya kauri na kikuza sauti cha ndani kinachotumia betri ya volti 9. Ina mambo yake. Vitufe vya pikapu za aina hiyo ni vya kilo-omu 25, wakati humbaka za kawaida (pikapu za koili mbili zisizo na betri) hutumia 500, kwa hiyo ukichanganya vya zamani na pikapu mpya kitufe cha sauti kitafanya kazi kama swichi, kimya halafu ghafla kelele. Waya ukiachwa umechomekwa usiku kucha, betri inaliwa, kwa kuwa jeki, tundu la kuchomekea waya, ndiyo swichi yake. Betri ikikaribia kufa, sauti huwa dhaifu yenye mikwaruzo ya ajabu, na kuna watu wamebomoa gitaa zima wakitafuta lehemu iliyoachia. Kwa pikapu zisizo na betri, acha nafasi ya milimita 2 hadi 3 kutoka uzi uliobonyezwa kwenye freti ya mwisho. Zikisogea karibu sana, sumaku huvuta uzi na sauti inayumba.

Sasa ndipo swali la gitaa jipya linapokuwa swali halali: ni nini kimebaki ambacho fundi hawezi kukibadilisha kwenye hili? Orodha ni fupi. Urefu wa uzi kutoka nati hadi daraja. Umbo la shingo mkononi mwako. Aina ya daraja, kwa sababu mti umeshatobolewa. Shingo iliyojipinda kama kamba. Na freti zilizokwisha, ingawa hizi hubadilishika, ila gharama yake inaweza kuikaribia bei ya gitaa lenyewe la bei ndogo.

Urefu wa uzi ndio wenye hoja nzito kwa metali. Inchi 24.75 na 25.5 ndivyo vipimo vya kawaida. Kutoka cha kwanza kwenda cha pili, uzi uleule kwenye noti ileile huongeza mkazo kwa karibu asilimia 6. Kutoka 25.5 hadi 27 ni asilimia 12. Anayekaa kwenye D au C hahitaji kuhama, seti nzito inamtosha. Anayeshuka hadi A au chini zaidi ataona 25.5 ikimlazimisha kuvaa uzi mnene kama kebo, na uzi mnene sana hupoteza ung’avu na hauketi sawa kwenye freti. Huyo ana sababu ya kununua la inchi 27, la nyuzi saba, au lenye freti za mshazari ambapo uzi mzito ni mrefu kuliko mwembamba. Lakini kumbuka kwamba sifa hizi hazimaanishi bei kubwa. Zinapatikana kwenye magitaa ya bei ya kati, na hapo ndipo wengi wanapopaswa kusimama.

Bei inapopanda zaidi, unanunua nini? Kazi ya freti, kwanza kabisa: zimesawazishwa, ncha zimelainishwa, wakati mwingine ni za chuma cha pua ambacho huchukua miaka mingi kuisha. Shingo ya vipande vitatu au vitano vilivyogandishwa, isiyosumbuliwa sana na hali ya hewa. Vikazio vinavyofunga uzi. Swichi na vitufe visivyokwaruza. Kesi ngumu. Ubao wa eboni, ambao watu huuita mpingo ingawa mpingo halisi ni jamaa ya mti wa rozwudi. Hivi vyote ni vya kweli na mkono unavihisi. Juu ya hapo unalipia mishahara ya nchi lilikotengenezwa, rangi, uhaba, na jina kichwani. Hakuna ubaya kulipia rangi, mradi usijiambie unalipia sauti.

Kipengele kimoja ambacho bei ina tofauti unayoweza kuipima ni daraja la kuelea, linalosukumwa kwa mkono kupandisha na kushusha sauti, la mfumo wa Floyd Rose, uliopata hataza 1979. Daraja hilo linaegemea nguzo mbili kwa makali mawili kama ya kisu, likivutwa na nyuzi upande mmoja na springi upande wa pili. Kwenye nakala za bei ndogo, chuma cha makali ni laini. Miezi kadhaa ya kulisukasuka yanabonyea, na tangu siku hiyo daraja halirudi mahali pake. Hakuna kiasi cha kutyuni kitakachoponya hilo. Kama unataka kuelea, lipia la asili au usilichukue kabisa. Na wengi wanaolichukua hawalihitaji. Ukishusha uzi mzito mmoja kuingia dropu, springi zinashinda, daraja linalala nyuma, na nyuzi nyingine tano zinapanda. Uzi ukikatika jukwaani, gitaa lote limeondoka kwenye sauti. Kubadili tyuningi nzima ni jioni moja: springi, kimo, viti vya nyuzi vinavyosogezwa kwa kulegeza uzi mmoja mmoja, ufunguo wa pembe sita umepotea tayari. Wako wanaoishia kubana vipande vya mti pande zote mbili kwenye tundu la springi ili daraja lisimame, yaani wamelipa ziada kwa daraja linaloelea kisha wamelipa tena kulizuia. Anayepiga rifu tu achukue daraja lisilotembea.

Ukifika kulishika gitaa lenyewe, usilichomeke kwanza. Amplifaya ya dukani imepangwa ili kila kitu kisikike vizuri. Likiwa kimya, piga kila freti ya kila uzi, moja baada ya nyingine, ndiyo, zote. Noti inayokufa mapema au inayozomea ni freti iliyoinuka. Rula fupi ya chuma ikilazwa juu ya freti tatu na ikabembea, ya katikati ndiyo yenye kosa. Angalia shingo kutoka kichwani kama mtu anayelenga shabaha. Pitisha kiganja pembeni mwa ubao: ncha za freti zinazokwaruza maana yake mti umekauka na kunywea. Vuta kila uzi mara kumi kwa nguvu, kisha pima kama bado uko kwenye sauti. Halafu vaa mkanda usimame nusu saa. Kuna maumbo ya ncha kali yanayopendeza ukutani ambayo kichwa chake huanguka chini ukikiachia, na mkono wa kushoto unaishia kuwa mbeba shingo badala ya mpigaji. Kwenye kiti hutagundua.

Kwa gitaa lililotumika, ongeza taa. Mulika nyuma ya kichwa pale shingo inapokutana nacho, hasa kwa vichwa vilivyoelemea nyuma, kwa sababu hapo ndipo magitaa hukatika yakianguka. Mstari mwembamba chini ya rangi unaweza kuwa ufa ulioungwa. Ufa ulioungwa vizuri hauharibu sauti, ila lazima ushushe bei. Hakikisha chuma cha shingo bado kina mzunguko uliobaki. Tazama makali ya daraja la kuelea, na mashimo chini ya nyuzi nyembamba kwenye freti za kwanza. Linganisha namba ya mfululizo na mwaka muuzaji anaotaja. Hasara ya upya huwa imeshalipwa na mwenzako, kwa hiyo gitaa safi lililotumika ndilo njia ya busara zaidi ya kumiliki kitu ghali, na ukilichoka utaliuza bila kulia.

Likitoka mbali, piga picha za boksi kabla ya kulifungua, na kama limesafiri kwenye baridi au joto kali liache ndani ya kesi saa kadhaa lizoee chumba, vinginevyo rangi inaweza kupasuka. Siku za kurudisha zihesabu tangu lilipofika, na usizipoteze kwa kulitazama. Vipimo vyote vya dukani vifanywe nyumbani wiki hiyohiyo. Ubao wa rozwudi uliwahi kuwaletea wasafirishaji usumbufu wa vibali tangu Januari 2017, ila magitaa yaliyokamilika yaliondolewa kwenye sharti hilo mwishoni mwa 2019, isipokuwa rozwudi ya Brazili ambayo bado inabanwa.

Tenga angalau sehemu ya kumi ya bajeti isiingie kwenye gitaa. Itaenda kwenye nyuzi za seti sahihi, tupa ya nati, na mpangilio mpya, kwa sababu gitaa ghali nalo hufika likiwa limepangwa kwa E na nyuzi za 10. Hapa ndipo wengi huvunjika moyo wiki ya kwanza. Wanalishusha hadi C, linazomea na kupinda vilevile kama la zamani, wanadhani wametapeliwa. Lipeleke kwa fundi na tyuningi yako ukiwa umeiandika kwenye karatasi, pamoja na namba za seti.

La zamani usiliuze bado. Limeshapangwa na linajulikana. Liache kwenye C na seti yake nzito, na siku uzi wa lile jipya utakapokatika katikati ya rifu utakuwa na cha kuchukua mkononi.